Kumfungulia samaki njia kwenye banio la mfereji

Banio, yaani kizuizi cha mawe na viroba vya mchanga kinachoelekeza maji ya mto mferejini, likiwa na kimo cha sentimita 60 halimsumbui mkulima wa mpunga wa bonde la Usangu, lakini kwa samaki wengi wa mito yetu ni ukuta. Mvua za kwanza zinaposhuka, Novemba au Desemba, samaki huanza kupanda kutafuta pa kutagia. Kambale hujikokota hata kwenye majani yaliyolowa. Perege na samaki wadogo wa magamba hawana uwezo huo, hurundikana chini ya banio mpaka wavuliwe au maji yapungue.

Dawa isiyo na gharama kubwa ni mteremko wa mawe upande wa chini wa banio. Ngazi za saruji zenye vidato virefu zilibuniwa kwa ajili ya samoni, samaki arukaye. Hapa kwetu zinakula saruji bure.

Kazi ifanyike Septemba na Oktoba, maji yakiwa chini kabisa. Kabla ya kugusa mto pateni kibali. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye ofisi Iringa. Kiwira, Mbaka na Songwe ya Kyela iko chini ya Bonde la Ziwa Nyasa, ofisi Tukuyu.

Pimeni kimo cha banio, yaani kutoka uso wa maji ya juu hadi uso wa maji ya chini, kisha zidisheni mara 20: huo ndio urefu wa mteremko. Banio la sentimita 60 linataka mita 12. Upana wa mita 2 unatosha kijito cha kawaida. Andaeni mita za ujazo 10 hivi za mawe, mengine makubwa ya sentimita 50 hadi 70, pamoja na changarawe, mchanga na udongo wa mfinyanzi.

Anzieni mwisho wa chini. Chimbeni mtaro wa kina cha sentimita 70 kukata upana wote wa mteremko, mshindilie mawe makubwa kuliko yote. Mafuriko huanza kula hapo. Mguu huo ukichimbuliwa, mawe yote ya juu yatafuata. Kisha pandeni kuelekea banio mkipanga safu moja ya mawe makubwa kila baada ya mita 2, kila jiwe likiwa limezikwa nusu. Safu moja hadi nyingine maji yashuke sentimita 10, si zaidi. Kwenye kila safu acheni mapengo ya sentimita 15 hadi 20, na pengo la safu moja lisitazamane na la safu inayofuata, vinginevyo maji yatapata barabara iliyonyooka na kasi itawashinda samaki. Katikati ya mteremko pawe chini kwa sentimita 15 kuliko kingo, ili maji machache ya kiangazi yakusanyike mahali pamoja.

Kosa linaloua miteremko mingi halionekani kwa macho. Mawe yakipangwa matupu, maji huzama katikati yake na mteremko unabaki mkavu juu huku mto unapita chini. Kwa hiyo jazeni nafasi kwa mchanganyiko wa changarawe, mchanga na mfinyanzi, mwagieni maji ya ndoo, ongezeni tena, mpaka maji yatembee juu ya mawe. Msichoke mapema hapa. Mwisho kateni pengo la kina cha sentimita 10 hadi 15 kwenye kichwa cha banio, juu ya mteremko, ili maji ya mwisho ya msimu yapitie hapo.

Mdomo wa mteremko, yaani mwisho wa chini samaki anapoingilia, nao una mahali pake. Samaki hupanda hadi anapogonga ukuta, kisha huzunguka hapo hapo. Mdomo ukiwa mita 15 chini yake, hataurudia. Mteremko ukiegemea banio lenyewe, mdomo wake huangukia mbali, kwa hiyo mkiweza ukunjeni ubavuni mwa mto mdomo uangukie karibu na ukuta, upande wenye mkondo wa kina.

Kasi ipimwe kwa gunzi la mahindi. Litupeni kwenye pengo, mhesabu sekunde za mita 5. Likitumia sekunde 15 au zaidi, mmefaulu. Chini ya sekunde 10, samaki wa sentimita 8 atapita kwa shida: ongezeni mawe ya kuvunja mkondo, apate pa kupumzikia nyuma yake.

Ili samaki wasipotelee mferejini, kwenye lango lake wekeni wavu wa tundu la milimita 8 hadi 10, umelala kwa mshazari, na mpana kuliko lango ili maji yasiwabane samaki kwenye waya. Majani huuziba, kwa hiyo awepo mtu wa kuukwangua kila asubuhi wakati wa mvua. Vifaranga watapita tu na kukulia kwenye majaruba. Ili warudi mtoni, mnapokausha majaruba kabla ya kuvuna toeni maji taratibu kwa siku 2 au 3, na mtaro wa kutolea uishie mtoni usawa wa maji, usining'inie juu.

Barabara ya shamba yenye kalavati ina tatizo jingine: bomba huning'inia na maji ndani ni membamba. Bomba jipya la sentimita 90 lizikwe sentimita 22 chini ya kitanda cha mto. La zamani lisilong'oleka, pangeni safu ya mawe mita 4 chini yake, maji yarudi nyuma na kujaa ndani angalau sentimita 15.

Kyela kuna jambo la ziada. Mbasa wa Ziwa Nyasa hupanda mitoni kutaga kwenye changarawe safi, na tope la mashamba ya kingoni huifunika. Mita 60 za kando ya mto, zilizotajwa kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004, zisilimwe.

Wekeni na kanuni kwenye jumuiya ya watumia maji: hakuna migono (mitego ya samaki) kwenye mteremko wala mita 50 juu na chini yake, na lango la mfereji lisichukue maji yote ya kiangazi. Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya Usangu, umekuwa ukikauka msimu huo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu 1993, na mteremko mkavu haupandishi samaki yeyote. Baada ya kila furiko kubwa kagueni kwanza mguu, kisha mapengo. Magogo yaliyokwama yaondolewe siku hiyo hiyo.