Jalada la kazi lianzie Gikomba

Mnaoomba uzamili wa maingiliano ya binadamu na kompyuta, punguzeni picha za skrini maridadi kwenye jalada la kazi, yaani mkusanyo wa kazi zenu mnaoambatanisha na ombi. Wanaolisoma wanataka kuona ulivyofikiri. Nenda soko la Gikomba hapa Nairobi, omba ruhusa, kisha mtazame muuza mitumba akithibitisha malipo ya M-Pesa huku jua likimulika kioo cha simu na wateja wakimsubiri. Anasoma ujumbe wote au anatafuta kiasi tu? Chora suluhisho kwa kalamu, mpelekee ili alijaribu, na uonyeshe hata pale lilipokwama. Hilo lina uzito kuliko programu nyingine ya kuagiza chakula (zimetosha, jamani).

Shahada ya kwanza si lazima iwe ya kompyuta. Chuo cha Georgia Tech kule Marekani, kwa mfano, kina mlango wa kuingilia kupitia saikolojia na usanifu wa bidhaa pia. Kwenye barua ya nia, taja utafiti uliousoma kweli. Makala za AfriCHI, kongamano la Afrika la fani hii lililofanyika hapa Nairobi 2016, ni pa kuanzia pazuri. Barua za mapendekezo ziombe mapema, kabla wahadhiri hawajazama kwenye kusahihisha mitihani.