Mrututu: Namna ya Kuutayarisha na Kuutunza bila Madhara

Mrututu, ambao wanakemia huuita salfeti ya shaba, ni chumvi ya buluu iliyokolea, na fuwele zake hung'aa kama vipande vya kioo. Takriban robo ya uzito wake ni shaba, na zaidi ya theluthi ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Ndiyo maana ukipashwa moto mkali hupauka na kubaki unga mweupe, kisha ukidondoshewa maji hurudia ubuluu wake.

Viwandani hutumika kupaka vyuma shaba kwa nguvu ya umeme, na migodini husaidia kutenganisha madini ya zinki na mawe. Wengi wetu, hata hivyo, tunaufahamu kwa kazi yake ya shambani, iliyoanza miaka ya 1880 katika mashamba ya mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, ulipochanganywa na chokaa ili kuzuia ukungu. Mchanganyiko huohuo huikinga kahawa dhidi ya kutu ya majani, na nyanya dhidi ya bakajani.

Kwa lita 10 za dawa, pima gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa safi iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji ikawa unga. Yeyusha mrututu katika lita 5 za maji ndani ya ndoo ya plastiki, kamwe si ya bati wala ya chuma, kwa sababu chuma hulika na shaba huganda juu yake. Koroga chokaa katika lita 5 nyingine, kisha mimina maji ya mrututu polepole ndani ya maji ya chokaa huku ukiendelea kukoroga. Sasa chovya msumari uliosuguliwa ukang'aa, na usubiri dakika chache. Ukitoka na utando mwekundu wa shaba, chokaa haijatosha na dawa hiyo itaunguza majani, kwa hiyo ongeza chokaa kidogo na upime tena. Mimi sijawahi kuiruka hatua hii, nami nakusihi usiiruke. Chuja, kisha nyunyiza siku hiyohiyo.

Vaa glavu, barakoa na miwani ya kukinga macho tangu unapofungua mfuko, kwani vumbi la mrututu huweza kuliharibu jicho vibaya sana. Likiingia, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali. Aliyeumeza asitapishwe kwa nguvu. Asukutue kinywa na apelekwe hospitali mara moja pamoja na mfuko wenyewe, ili daktari ajue alichomeza.

Uhifadhi mahali pakavu penye kufungwa, mbali na chakula na watoto, wala usiutie katika chupa ya soda, maana rangi yake humvutia mtoto. Kondoo hudhurika na shaba upesi kuliko mifugo mingine, hivyo wasilishwe majani yaliyo chini ya miti iliyonyunyizwa. Samaki nao hufa kwa kiasi kidogo tu cha mrututu. Maji ya kuoshea bomba la kunyunyizia dawa yamwagwe shambani, mbali na mto, mfereji na kisima.