Mwanao katoka jeshi la Marekani? Anzieni American Legion ya mtaani kwenu

Ndugu zangu wa huku Marekani, binti yetu alipomaliza jeshi nilidhani American Legion, chama cha waliotumikia jeshi la Marekani, ni cha wazee wa vita vya Vietnam tu. Kumbe tangu sheria ya 2019, aliyetumikia jeshi lao kazini walau siku moja baada ya 7 Desemba 1941 na kuondoka kwa heshima anaingia, hata kama hakuona vita.

Kwanza tafuteni DD-214, karatasi ya kuonyesha mtu katumikia na kaondoka vipi jeshini. Halisi ifungieni kabatini, pelekeni kopi. Yetu tulipekua nyumba nzima, tukaikuta imebanwa ndani ya kadi ya chanjo ya mjukuu! Ikipotea, mwenyewe aombe nyingine Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, ni bure.

Sasa familia. Mama, bibi, dada, binti na mjukuu wa kike huingia Auxiliary, tawi la familia. Siku hizi hata mume. Wana na wajukuu wa kiume wana Sons of The American Legion, ya tangu 1932. Na baba mtu? Mama Neema kapewa kadi, mimi nikaambiwa kwa njia ya binti sina fungu. Kuosha masufuria ya samaki wanaopikwa pale Ijumaa, hapo naruhusiwa.

Msianzie kwenye mkutano, mtasinzia. Nendeni siku ya chakula, mkae meza ya wazee, muulize nani anaandikisha. Mwezi Mei ombeni kugawa maua mekundu ya popi, yale ya karatasi ya kukumbuka askari waliokufa vitani. Hayauzwi: mtu huchukua ua, akatumbukiza alichojaliwa koponi.