Maktaba ya Shule Yenye Milango Miwili: Namna ya Kuisanifu Ihudumie na Kijiji

Kabla ya kuchimba msingi na kuhesabu matofali, amueni ufunguo wa maktaba utakaa kwa nani. Katika shule nyingi za vijijini nchini Tanzania ufunguo huo hukaa mfukoni mwa mwalimu mmoja anayependa vitabu, na siku barua yake ya uhamisho inapofika, mlango hufungwa na hakuna anayejua utafunguliwa lini. Shule moja ninayoifahamu ililazimika kuvunja kufuli baada ya miezi minane, na ilikuta mchwa wamekwisha kupanda hadi rafu ya tatu, vitabu vya jiografia vikiwa vimebaki majalada matupu. Jengo lenyewe lilikuwa zuri na rangi yake ilikuwa bado inanukia. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na saa za kufungua, kisha ndipo unakwenda kwenye kuta.

Andikeni ratiba ya wiki nzima kwenye karatasi moja. Tuseme wanafunzi wanatumia ukumbi tangu asubuhi hadi saa 9 alasiri, na wanakijiji wanaingia kuanzia saa 9:30 hadi saa 2 usiku, pamoja na Jumamosi yote. Waulizeni watu wenyewe, katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa nini wangekuja. Mara nyingi utakuta kijana aliyeacha shule na sasa anajiandaa na mtihani wa QT (mtihani wa maarifa unaomfungulia mtahiniwa wa kujitegemea njia ya mtihani wa kidato cha nne), mama anayetaka kujua namna ya kutibu kuku wake, mzee anayehitaji kusomewa barua ya baraza la ardhi, na wengi wanaotaka tu mahali penye taa na utulivu. Siku ya gulio isisahaulike, kwa maana siku hiyo watu wa vitongoji vya mbali hupita hapo hapo. Ratiba ikishakamilika, itawaambia taa ziwake kwa saa ngapi, vyoo viwe wapi, na jengo liwe na milango mingapi.

Milango iwe miwili. Jengo likae ukingoni mwa eneo la shule, uzio ukija kuishia kwenye kuta zake za ubavuni, ili mlango mmoja ufungukie uwanja wa shule na wa pili ufungukie barabara. Kwa mpangilio huo mtu mzima anaingia maktaba bila kukatiza katikati ya madarasa, jambo ambalo wazazi wana haki ya kulitilia shaka, na shule ikifunga likizo mwezi wa Desemba kijiji hakifungiwi nje. Choo cha wageni kiwe upande wa barabara, kando na vile vya wanafunzi. Mfano mzuri uko jirani, mjini Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, ambako maktaba iliyokamilika mwaka 2012, ikiwa sehemu ya kwanza ya shule ya watoto viziwi, ilijengwa kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa. Ina baraza refu linaloambaa na jengo, na milango mipana inayofunguka kuelekea uwanja wa watu wote. Ndani yake kuna wavu mkubwa wa kamba za katani ulioning'inizwa juu kama bembea, ambao watoto hupanda na kujilaza wakisoma. Baraza la namna hiyo ndilo ningelilinda kwanza pale bajeti inapokatwa, kwa kuwa mtu anayeona haya kuingia ukumbini huanza kwa kukaa barazani na gazeti.

Ukumbi wa mita 12 kwa 8 unatosha shule ya kawaida ya kijijini. Upande mrefu uelekezwe mashariki hadi magharibi, ili madirisha yawe kaskazini na kusini, na kuta za mashariki na magharibi, zinazopigwa na jua la asubuhi na la alasiri, ziachwe bila madirisha na rafu zipangwe mbele yake. Kwetu kusini mwa ikweta jua la mchana hupita kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, lakini hupita juu sana, kiasi kwamba paa lililotokeza mita moja kila upande hulizuia lisipige kurasa. Madirisha yatazamane ili upepo upite, na matundu yenye wavu yaachwe juu, karibu na paa, hewa ya moto itokee hapo. Dari si pambo: chini ya bati tupu ukumbi huwa tanuru ifikapo saa 8 mchana, na mvua ya masika ikianza hakuna anayesikia anachosomewa.

Kwa kuta, matofali ya udongo uliochanganywa na sementi kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono yana faida mbili juu ya yale ya kuchoma: hayahitaji kuni, na vijana wa kijijini wanaweza kufundishwa kuyafyatua. Udongo upimwe kwanza, maana wenye mfinyanzi mwingi hupasuka. Msingi uwe wa mawe na uinuke juu ya ardhi, kwa kuwa tofali la udongo huharibiwa zaidi na maji yanayorukia ukutani kuliko mvua yenyewe. Mlangoni pawe na mteremko wa kiti cha magurudumu usiozidi sentimita 1 ya kimo kwa kila sentimita 12 za urefu.

Kwenye rafu ndipo fundi asiyezoea kazi hii hukosea, kwa sababu huitengeneza kama kabati la vyombo. Mita moja ya vitabu ina uzito wa kilo 30 hivi, kwa hiyo ubao wa unene wa milimita 20 usivuke sentimita 90 bila nguzo, la sivyo ndani ya mwaka utakuwa umebonyea katikati. Mita hiyo hubeba vitabu 30 hivi vya unene wa kawaida. Maktaba ya vitabu 3,000 inahitaji basi mita 100, yaani rafu 22 au 23 za upana wa sentimita 90 zenye ngazi tano. Ngazi ya chini ianzie sentimita 15 juu ya sakafu ili mfagizi aone njia ya mchwa ikingali changa, na mgongo wa rafu uwe mbali na ukuta kwa upana wa viganja viwili. Kati ya rafu na rafu acheni njia ya angalau sentimita 90. Watoto wa madarasa ya chini wawekewe rafu fupi wasizohitaji kupandia kiti.

Paa lenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 14 ni mita za mraba 140, na kila milimita moja ya mvua hushusha lita moja kwa kila mita ya mraba. Ukiondoa inayopotea, mvua ya milimita 45 tu hujaza simtanki la lita 5,000. Wekeni gata imara, na maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe, kwa sababu yanakuja na vumbi na kinyesi cha ndege.

Umeme wa jua upigiwe hesabu kwa kuanza na matumizi. Taa sita za wati 9, zikiwaka saa 4, hutumia wati-saa 216. Ongeza chaji ya simu 20 na jumla inafika kama wati-saa 420 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ikinyonywa zaidi ya nusu kila siku itakufa mapema, kwa hiyo inatosha kwa kazi hiyo na si kwa televisheni ya kutazamia mpira. Mtashawishiwa tu, na mechi moja kubwa huondoka na betri. Ada ndogo ya kuchaji simu inaweza kuilipia: kama betri mpya inauzwa shilingi 450,000 na inategemewa kuishi miaka 3, tengeni shilingi 12,500 kila mwezi, na zikae benki badala ya droo ya mwalimu mkuu.

Kuhusu vitabu, jifunzeni kukataa. Shehena za msaada kutoka ng'ambo huja na vitabu vya kodi vya nchi nyingine na ensaiklopidia zilizopitwa na wakati, navyo hujaza rafu, hupendeza pichani na havisomwi. Andikeni ukurasa mmoja wa vigezo mumpe kila mfadhili kabla hajafunga maboksi: vitabu vya Kiswahili kwanza, vya kiada vinavyofuata mtaala wa sasa, mitihani iliyopita, kilimo na mifugo, afya, na sheria zinazomgusa mwanakijiji, ikiwemo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Kompyuta moja iliyopakiwa Wikipedia ya Kiswahili kwa programu ya Kiwix husomeka bila intaneti, na mtandao ukipatikana Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Kwa upangaji, mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, unaweka kilimo kwenye 630 na mifugo kwenye 636, lakini fasihi ya Kiswahili inaangukia 896.392, namba ndefu mno kwa mtoto wa darasa la tatu. Utepe wa rangi uliogundishwa mgongoni mwa kitabu, kijani kwa kilimo na njano kwa hadithi, unafanya kazi ile ile, na namba zibaki kwenye daftari la kupokelea vitabu.

Sasa turudi kwenye ufunguo. Ziwe funguo tatu: mmoja kwa mwalimu wa maktaba, mmoja kwa mwakilishi wa serikali ya kijiji, na mmoja kwa msimamizi wa jioni, ambaye apewe posho hata kama ni ndogo, kwani anayejitolea bure huchoka msimu wa kulima ukifika. Kamati ya maktaba iwe na wajumbe wa shule na wa kijiji kwa idadi sawa, na makubaliano yao yaingie kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, ili mwalimu mkuu mpya au mwenyekiti mpya ayakute yameandikwa. Mtu mzima anayeazima vitabu adhaminiwe na mwenyekiti wa kitongoji chake, badala ya kudaiwa fedha za amana ambazo maskini hana. Vitabu kadhaa vitapotea kila mwaka. Hasara hiyo iingizwe kwenye bajeti, kwani mkutubi anayeogopa kupoteza hata kimoja ataishia kuvifungia vyote kabatini.

Mwalimu akihamishwa, asiondoke kabla ya makabidhiano: vitabu vihesabiwe rafu kwa rafu mbele ya wajumbe wawili, vilivyochakaa viorodheshwe na kutolewa, deni la kila msomaji lisomwe kwa sauti, na daftari litiwe saini na anayeondoka, anayepokea na mtendaji wa kijiji, ufunguo ukiwa mezani.