Namna ya kujaza oili kwenye njia zake kabla ya kuwasha injini ya 1NZ-FE iliyofungwa upya

Naandika haya baada ya kumsaidia kijana wa gereji ya jirani. Alikuwa amefunga vizuri 1NZ-FE, injini ya Toyota, ya gari la Probox: metali mpya (vipande laini ambavyo kranki huzungukia ndani yake), ringi mpya, kranki imepimwa. Akapiga stata weee, taa ya oili ikagoma kuzima. Bahati nzuri alikuwa hajaiwasha. Injini ikiwaka kavu, metali zinakwanguka muda mfupi sana, na pesa yote ya mwenye gari inakuwa imekwenda.

Lielewe tatizo kwanza. Pampu ya oili ya 1NZ-FE imo ndani ya kava ya cheni na inazungushwa na kranki yenyewe. Huwezi kuizungusha peke yake kwa drili, kama wanavyofanya wenye V8 za zamani za Chevrolet, ambazo pampu yake huendeshwa kupitia tundu la distribyuta. Tena pampu hii imekaa juu ya usawa wa oili ya kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), kwa hiyo kabla oili haijapanda lazima pampu ivute hewa yote iliyo kwenye bomba la kunyonyea. Gia kavu hazishiki hewa. Zinazunguka tu.

Hatua ya 1: Pakia pampu kabla ya kufunga kava ya cheni

Fungua kifuniko cha pampu, jaza mafuta ya mgando kwenye nafasi zote kati ya gia, kisha rudisha kifuniko. Tumia yale ya kawaida ya kujipaka, yasiyo na manukato. Usitumie grisi ya beringi za magurudumu hata kidogo: haiyeyuki vizuri ndani ya oili na inaweza kwenda kuganda kwenye filta. Mafuta ya mgando huyeyuka injini ikipata moto, na kabla ya hapo yanaziba mianya ya gia, pampu inapata nguvu ya kuvuta.

Wapo mafundi wanaosema kumwagia oili nyepesi kwenye pampu kunatosha. Inatosha kama unawasha siku hiyohiyo. Injini ikikaa wiki mbili ikisubiri spea, oili hiyo imeshatiririka yote.

Ukiwa hapo, safisha kichujio kidogo cha valvu ya VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) kwenye silinda hedi. Wengi hukisahau.

Hatua ya 2: Filta na oili

Mimina oili kwenye filta mpya kupitia vitundu vya pembeni, usipitishie tundu la katikati. Oili inayopita katikati inakwenda kwenye metali bila kuchujwa. Subiri karatasi inywe, kisha ifunge. Kwenye sampu tia lita 2 tu kwa sasa.

Hatua ya 3: Sukuma oili kwa bomba la dawa

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe.

Nunua bomba la kupulizia dawa ya mimea la lita 5, la kupampu kwa mkono. Liwe jipya, lisiwe limewahi kutiwa dawa. Kata mpira wake mbele ya kifyatuo, tia oili safi lita 2. Mpira huo unaunga kwenye tundu la swichi ya oili (ile inayowasha taa ya oili), kwa sababu tundu hilo linaingia moja kwa moja kwenye njia kuu ya oili ya bloku.

Sasa uzi. Uzi wa swichi ya Toyota ni 1/8 BSPT (kipimo cha Kiingereza), nyuzi 28 kwa inchi. Maungio mengi utakayopewa dukani ni 1/8 NPT (kipimo cha Kimarekani), nyuzi 27 kwa inchi. Kwa macho hutaona tofauti. Ungio litaingia mizunguko miwili au mitatu kwa vidole, halafu litakaza, na wewe utadhani limefika. Ukiongeza spana unaharibu uzi, na bloku ya 1NZ ni ya aluminiamu; inaweza hata kupasuka pale tunduni. Ungio lisilopanda laini kwa vidole hadi karibu na mwisho, liache.

Ninachokipenda mimi kuliko ungio lolote la dukani ni swichi mbovu ya oili ya Toyota. Ivunje kichwa, toa vilivyomo, toboa katikati, kisha lehemu kibomba cha shaba juu yake. Uzi ni wa kwake, hauwezi kukosea. Osha vumbi la kutobolea hadi lisibaki hata chembe, kwa kuwa kinachopita hapo kinakwenda kwenye metali. Ukizungusha tepu ya bomba, acha nyuzi mbili za mbele wazi, kipande kisikatike kikaingia ndani.

Fungua kava ya valvu. Pampu bomba la dawa hadi mpira ukaze, acha oili iingie polepole, na mwenzako azungushe kranki kwa spana upande wa saa tu. Zungusha mizunguko miwili kamili, kidogokidogo, kwa sababu matundu ya kranki hukutana na ya metali kwenye pembe fulani tu. Tazama vishikio vya kamshafti (shafti za juu zinazofungua valvu): kwanza hutoka povu, kisha matone yenye mapovu, halafu oili safi inachuruzika bila kukatika. Usiache kupampu ukiona povu. Endelea hadi kila kishikio kitoe oili safi.

Njia hii inajaza metali na silinda hedi, lakini haijazi pampu. Oili ikirudi nyuma inazuiwa na mpira ulio ndani ya filta. Ndiyo maana hatua ya 1 hairukwi hata ukiwa na bomba zuri namna gani.

Oili uliyosukuma inashukia kwenye sampu. Ihesabu. Injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta, basi jazia kwa kufuata kijiti cha kupimia oili, usimwage tu galoni nzima ya lita 4.

Hatua ya 4: Piga stata bila moto

Toa plagi zote nne, chomoa soketi za koili na za nozeli. Funga geji ya oili ya mkono kwenye tundu la swichi. Taa ya dashibodi inazima kwa presha ndogo sana, kwa hiyo si kipimo. Piga stata sekunde 10, pumzisha dakika moja, rudia. Pampu iliyopakiwa vizuri hupandisha sindano mapema.

Sindano ikibaki chini baada ya kurudia mara nne au tano, simama. Usiwashe kwa matumaini kwamba itapanda. Kagua gasketi ya bomba la kunyonyea, kwani ikivuta hewa pampu haiwezi kitu. Kagua valvu ya presha kama imekwama wazi, plagi za njia za oili kama kuna iliyosahauliwa, na silikoni iliyopakwa nyingi hadi ikaziba tundu. Yule kijana tatizo lake lilikuwa gasketi ya bomba la kunyonyea: ilikunjika upande mmoja wakati wa kufunga.

Hatua ya 5: Washa

Rudisha kila kitu isipokuwa swichi, geji ibaki ilipo, washa, macho kwenye geji. Injini baridi yenye metali mpya inapaswa kuonyesha presha zaidi ya baa 2. Usipige resi.

Kilomita 500 za kwanza zikiisha, mwaga oili, kata filta na utandaze karatasi yake juani. Vumbi laini la ringi ni la kawaida. Ukiona vipande vinavyoshikika kwa kucha, shusha sampu ukague metali kabla gari halijarudi barabarani.