Namna ya Kupima Hukumu Yako Juu ya Mtu Mwingine

Lugha yetu ina njia fupi sana ya kutoka kwenye tendo hadi kwa mtendaji. Mtu akisema uongo mara moja tunamwita mwongo. Akiiba anakuwa mwizi. Asipoamka mapema, basi ni mvivu. Kiambishi kidogo cha ngeli ya watu hulibeba tendo la asubuhi moja na kuligeuza kuwa jina la mtu mzima, pamoja na miaka yake yote ambayo hatukuwapo kuishuhudia. Anayeanza kujifunza falsafa anaweza kuanzia hapo, kwa sababu swali la mtu ni nani na swali la tumtendee vipi hukutana katika kiambishi hicho.

Chukua hukumu moja uliyonayo sasa juu ya mtu unayemfahamu, kisha iandike kama unavyoisema moyoni. Tuseme wewe ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, mwanachama mmoja aliahidi kuleta mchango Jumamosi, hakuuleta, nawe ukaandika: “Yule ni mwongo.” Sasa ishushe sentensi hiyo ngazi kwa ngazi. Chini yake kuna “Husema uongo,” na chini kabisa kuna “Alisema uongo.” Ngazi ya chini inahitaji ushahidi wa tukio moja, na hata hapo lazima uwe na hakika kwamba aliujua ukweli akasema kinyume chake, maana aliyeahidi kwa nia njema akashindwa kutimiza hakusema uongo. Ngazi ya kati inadai matukio kadhaa, tena katika hali zinazotofautiana: alipokuwa na fedha na alipokuwa hana, mbele ya watu na faraghani. Ngazi ya juu inadai jambo ambalo hakuna shahidi awezaye kuliona, yaani kwamba uongo ndiyo asili ya nafsi yake. Mara nyingi utagundua kwamba ushahidi ulio nao ni wa ngazi ya chini, ilhali hukumu yako imekwisha kufika juu.

Kosa hili limechunguzwa. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi insha zilizomtetea au kumpinga Fidel Castro, kiongozi wa Kuba wakati huo. Hata pale wasomaji walipoambiwa kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kuandikia, waliendelea kudhani kwamba aliyemtetea Castro alimpenda zaidi kuliko aliyempinga. Walijua kuwa mwandishi hakuwa na hiari, na bado wakaisoma insha kama dirisha la moyo wake.

Kisha andika tukio linalofanana na hilo, ila uliyekosea uwe wewe mwenyewe. Utaona kwamba kalamu yako inatafuta sababu bila kuombwa: mvua, ugonjwa wa mtoto, mshahara uliochelewa. Sababu hizo huenda zote ni za kweli. Lakini kwa nini ulijipa hadithi nzima, na mwenzako ukampa neno moja? Mtu atajibu kwamba nafsi yake anaiona kutoka ndani. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliandika mwaka 1739 kwamba kila alipojichungulia ndani alikutana na joto au baridi, upendo au chuki, maumivu au raha, wala hakuwahi kuikamata nafsi yenyewe. Mimi simfuati Hume hadi mwisho, kwa kuwa mtu anayekumbuka ahadi yake ya jana na kuona deni lake leo ana kitu kinachoziunganisha siku hizo mbili. Hata hivyo onyo lake linatosha kutufanya tusijivunie kwamba tunajijua kikamilifu.

Hapa huzuka pingamizi la haki: je, hatua hizi haziwaachi wakosaji huru? La, kwa sababu maamuzi ya kuaminiana hutosheka na ngazi ya kati. Kumnyima mtu ufunguo wa sanduku la kikundi hakuhitaji kumwita mwizi. Kunahitaji kujua kwamba mara tatu hesabu haikutimia likiwa mikononi mwake, na kumweleza hivyo. Jina la mwizi haliongezi usalama wowote wa sanduku.

Jihadhari zaidi na kauli “yule si mtu.” Kiswahili kimelitofautisha umbo la mtu na utu wake, na tunasema hivyo tukikusudia kukemea mwenendo usio wa utu, jambo ambalo lina thamani kubwa katika malezi yetu. Ila kauli hiyohiyo, ikichukuliwa neno kwa neno, huruhusu lolote litendwe kwa aliyetamkiwa. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alishikilia mwaka 1785 kwamba ubinadamu ndani ya kila mtu usitumiwe kamwe kama chombo tu. Nadhani tunaweza kuukemea upungufu wa utu wa mtu na wakati huohuo kumhesabu kuwa mtu.

Mwisho mwendee mwenyewe, ukiwa na sentensi ya ngazi ya chini tu: “Uliahidi Jumamosi, na mchango haukufika, kulitokea nini?” Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kusimulia kirefu kama ulivyojisimulia wewe.