Kabla hujalipia tairi la pikipiki, soma tarehe yake
Wenzangu mnaopenda kulaza pikipiki kwenye kona za Kitonga au Lushoto, tairi lenye kashata (yale meno ya juu yanayogusa barabara) nene si lazima liwe zuri. Kabla ya kutoa hela, tafuta ubavuni maandishi DOT, uangalie tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiwa limeanikwa juani mbele ya duka miaka yote hiyo, mpira umekauka. Chungulia ndani ya mifereji. Ukiona vijiufa vyembamba kama nywele, liache hapohapo, hata upunguziwe bei.

La nyuma, ulizia lenye mpira wa aina mbili: mgumu katikati, laini pembeni. Katikati ndiko kunakolika kwenye lami iliyonyooka, pembeni ndiko kunakokushika ukilala. Likishakuwa bapa katikati libadilishe, hata kama pembeni bado ni jipya, maana kwenye kona pikipiki inaanguka upande ghafla badala ya kulala taratibu.

Na jamani, tairi jipya linateleza: kilomita 150 za mwanzo nenda polepole. Upepo pima asubuhi, kabla hujatembea.